Reli, SGR na ajira: mhitimu wa Uganda aingilie mlango upi?

Tangu Oktoba 2024, Uganda ilipotia saini mkataba na kampuni ya Kituruki ya Yapı Merkezi kujenga reli ya kisasa (SGR) ya kilomita 272 kutoka Malaba hadi Kampala, kuna swali lisilokauka kwenye vikundi vya WhatsApp vya wahitimu: "SGR wameanza kuchukua watu?" Leo linajibiwa ndiyo, kesho linajibiwa bado, na katikati anatokea mtu mwenye namba ya simu anayetaka shilingi elfu hamsini "kusajili jina". Wazazi nao wanauliza kama mtoto aliyemaliza uhandisi Kyambogo asubiri reli au aipokee kazi ya duka la vifaa vya ujenzi aliyokwisha kupewa.

Swali hilo halipati jibu kwa sababu hakuna SGR moja yenye dirisha moja la kuajiri. Ipo serikali inayomiliki mradi kupitia Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Yupo mkandarasi anayejenga, na wakandarasi wadogo chini yake. Wapo wahandisi washauri wanaomkagua mkandarasi kwa niaba ya serikali. Lipo Shirika la Reli la Uganda, ambalo wengi wanalijua kwa herufi zake URC, linaloendesha reli ya zamani hadi leo. Na zipo kampuni za mizigo zinazoishi kwa hizo reli. Kila mmoja anaajiri watu wake, kwa masharti yake, kwa muda wake. Mhitimu asiyejua tofauti hiyo atapeleka barua zake zote mahali pasipo na nafasi, na mlango wa jirani uko wazi.

Maneno ya kuanzia

Geji ni upana kati ya vyuma viwili vya reli, ukipimwa kwa ndani. Reli tuliyoachiwa na wakoloni ina geji ya milimita 1,000, mita moja kamili, na watu wa reli wanaiita MGR. Reli ya kisasa, SGR, ina milimita 1,435, kipimo kinachotumika sehemu kubwa ya dunia. Tofauti haifiki hata nusu mita, lakini inatosha kulizuia behewa la huku lisipite kule. Ndiyo sababu kontena lililopanda SGR ya Kenya kule Mombasa, kama linakuja Kampala kwa treni, hushushwa Naivasha na kupakiwa kwenye behewa la reli ya zamani kabla ya kufika Malaba.

Miundombinu ni vyote vilivyolala chini au kusimama palepale: tuta la udongo, kokoto, mataruma (vile vipande vizito vinavyolazwa chini ya vyuma), vyuma vya reli, madaraja, makalavati, stesheni, ishara, nyaya za umeme na za mawasiliano. Uendeshaji ni vyote vinavyotembea, pamoja na akili inayovitembeza: vichwa vya treni, mabehewa, madereva, ratiba, uongozaji wa treni, tiketi, mizigo na usalama.

Tofauti kati ya kujenga reli na kuwa na reli inaonekana vizuri sokoni. Serikali ikijenga soko jipya, kwa miaka miwili mitatu utaona mafundi, nondo na saruji, kisha mkandarasi anakabidhi funguo na kuondoka na watu wake. Hapo ndipo soko linapoanza kuwa soko: anahitajika meneja, wa kukusanya ushuru, fundi wa paa linapovuja, mlinzi wa usiku, na wachuuzi wenyewe. Kelele zote tunazozisikia leo kuhusu ajira za SGR ni za kundi la kwanza. Ajira zitakazomfikisha mtu kwenye kiinua mgongo ni za kundi la pili, na hilo ndilo linaloandaliwa kimyakimya, au halijaandaliwa kabisa, kutegemea na nani unamuuliza.

Tulifikaje hapa

Historia hii naipitia haraka, lakini bila yake mtu hawezi kuelewa kwa nini wataalamu wa reli ni haba. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896 na reli ikafika ziwani Kisumu mwaka 1901. Ikaitwa Reli ya Uganda, ingawa karibu njia yote iko katika Kenya ya leo. Treni ya kutoka pwani ilifika Kampala mwaka 1931 baada ya kuvuka Nile pale Jinja. Tawi la magharibi likafika Kasese mwaka 1956 kufuata shaba ya Kilembe, na la kaskazini likafika Pakwach katika miaka ya 1960. Wakati huo wote tulikuwa sehemu ya shirika moja la reli la Afrika Mashariki, lenye karakana kuu na chuo chake kikubwa Nairobi.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Uganda ikaanzisha shirika lake. Ikabaki na njia, stesheni na watu iliokuwa nao, lakini mashine nyingi na chuo vilikuwa ng'ambo ya mpaka. Treni za Kasese zikakoma mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2006 uendeshaji ukakabidhiwa kampuni binafsi ya Rift Valley Railways kwa mkataba wa miaka 25, na haukufika hata nusu: Uganda iliuvunja mwaka 2017, na URC ikarudi kushika usukani mwaka uliofuata.

Kwa maoni yangu, hasara kubwa ya miaka hiyo haikuwa vyuma vilivyoibwa wala mataruma yaliyooza. Ni mnyororo wa kufundishana. Kazi ya reli haifundishwi yote darasani. Mnyapara wa njia humfundisha kijana kusikiliza sauti ya chuma akikigonga nyundo, na stesheni masta mzee humwonyesha mgeni namna ya kutunza kitabu cha kupokezana treni. Wazee walipostaafu bila vijana wa kuwarithi, ujuzi uliondoka nao. Mhitimu anayeingia reli leo anaingia kwenye pengo hilo, na pengo lina faida na taabu zake: kupanda ngazi ni rahisi zaidi, ila wa kukushika mkono ni wachache.

Kazi ya njia: adui ni jua na maji

Wengi wakisikia mhandisi wa reli wanamwona mtu aliyevaa kofia ya plastiki akisimamia wanaotandika vyuma. Kutandika ni sehemu fupi ya maisha ya reli. Kazi kubwa ni kuhakikisha vyuma hivyo vinabaki pale vilipowekwa.

Chuma hutanuka kikipata joto. Kilomita moja ya reli, joto lake likipanda nyuzi 30 kati ya alfajiri na saa nane mchana, inataka kurefuka kwa karibu sentimita 35. Zamani waliacha nafasi ndogo kila chuma kimoja kinapokutana na kinachofuata, na hiyo ndiyo iliyoleta mlio wa ta-ta-ta, ta-ta-ta ambao waliokulia karibu na stesheni wanaukumbuka. Reli za kisasa zimeunganishwa kwa kuchomelewa kwa kilomita nyingi bila mwanya. Chuma kinataka kurefuka na hakina pa kwenda, kwa hiyo nguvu zote hizo zinabebwa na mataruma mazito ya zege yaliyokumbatiwa na kokoto. Kokoto zikipungua upande mmoja, njia inaweza kupinda ghafla kama nyoka, mchana kweupe, na treni iko njiani.

Kwa hiyo zile kokoto ambazo watu wa mitaa ya kando ya reli huzichota kujengea ni sehemu ya mtambo. Zinashika njia isiteleze, zinagawa uzito wa treni, na zinapitisha maji. Maji ndiyo adui wa pili, na kwa nchi yetu labda wa kwanza. Reli ya Kampala kwenda mashariki inapita kwenye mabonde ya vinamasi, na udongo ulioloa chini ya tuta hulegea kidogo kidogo, kila treni ikipita unazidi kulegea, mpaka siku moja mabehewa yanayumba. Mhandisi kijana anayejua mifereji ya maji, anayeweza kusoma tuta na kusema kalavati hili ni dogo kwa mvua za Novemba, ana thamani reli kuliko anayejua kuchora stesheni nzuri.

Hiyo ni kazi ya uhandisi wa ujenzi. SGR yetu imepangwa kuendeshwa kwa umeme, kwa hiyo inafungua mlango mwingine ambao reli ya zamani haikuwa nao kabisa. Jirani zetu wa Tanzania wanaendesha treni zao mpya kwa nyaya za juu zenye volti 25,000. Nyaya za namna hiyo zinahitaji vituo vya kupozea umeme kila baada ya umbali fulani, vikosi vya matengenezo vinavyofanya kazi usiku treni zikipungua, na watu wanaojua kukata umeme wa kipande kimoja cha njia bila kuua mtu wala kusimamisha nchi nzima. Aliyesomea umeme Makerere au Busitema, na aliyewahi kugusa laini kubwa za msongo, asidhani reli ni ya wenzake wa saruji.

Mitambo nayo ina ulimwengu wake. Karakana ya Nalukolongo, hapo Kampala, ndipo vichwa vya treni na mabehewa ya URC vinapotengenezwa. Magurudumu yanapimwa kwa milimita, breki za hewa zinajaribiwa behewa kwa behewa. Aliyemaliza uhandisi wa mitambo na hataki kuishi ofisini, hapo ni shule.

Kazi ya treni: kugawa njia moja kwa wengi

Upande wa uendeshaji ndio unaoeleweka vibaya kuliko wote, maana watu wanadhani una kazi mbili tu, dereva na mkata tiketi.

Dereva wa treni hawezi kukwepa kitu barabarani, na hawezi kusimama haraka. Treni nzito ya mizigo ikiwa kwenye mwendo inaweza kuhitaji kilomita nzima au zaidi kusimama, mbali kuliko macho ya dereva yanavyofika penye kona au ukungu. Hivyo usalama wa reli hautegemei macho. Unategemea kanuni moja ya zamani: njia hukatwa vipande, na kipande kimoja hakiingii treni ya pili mpaka ya kwanza itoke. Mengine yote, kuanzia kitabu cha stesheni masta na simu ya kupeana ruhusa hadi taa za rangi na kompyuta zinazozungumza na kichwa cha treni kwa redio, ni njia mbalimbali za kuitekeleza kanuni hiyo hiyo.

Anayeamua nani aingie kipande kipi, nani asubiri pembeni, nani apite kwanza, ni kontrola aliyekaa kwenye chumba cha uongozaji. Reli yetu ni ya njia moja. Treni mbili zinazokuja uso kwa uso hupishana stesheni tu. Kontrola akikosea hesabu ya dakika kumi Tororo, mchana kutwa wote unaharibika hadi Kampala. Kazi hii haiulizi digrii ya uhandisi. Inauliza utulivu, hesabu za kichwa, na uwezo wa kusema sentensi fupi isiyo na maana mbili saa tisa za usiku. Wahitimu wa takwimu, wa uchukuzi, wa kompyuta, hata wa jiografia, wanaweza kufundishwa na kuifanya vizuri.

Halafu kuna jambo ambalo ndilo moyo wa biashara ya reli: mzunguko wa behewa. Tuseme behewa linatumia siku 20 kutoka Kampala kwenda Mombasa, kupakiwa, kurudi, kushushwa na kuwa tayari tena. Kwa mwaka litafanya safari 18. Ukiupunguza mzunguko hadi siku 12, behewa lilelile litafanya safari 30. Umeongeza mizigo kwa zaidi ya nusu bila kununua hata boliti. Siku hizo nane haziko kwenye mwendo wa treni, ziko kwenye kusubiri: karatasi za forodha Malaba, kreni iliyoharibika, mwenye mzigo aliyechelewa kuleta lori, kichwa cha treni kilicholala karakana. Mtu anayejua kuzitafuta siku zilizopotea na kuzirudisha ndiye ambaye meneja yeyote wa reli angempa kiti, na anaweza kuwa amesomea ununuzi na ugavi au uhasibu.

Usisahau ziwa. Reli yetu inaingia majini: pale Port Bell mabehewa hupanda meli ya MV Kaawa na kuvuka Ziwa Viktoria kwenda Mwanza, ambako hukutana na reli ya Tanzania yenye geji ileile ya mita. Ni kipande kidogo cha ajira, lakini wanaotafuta cha kipekee wakiangalie.

Uvumi unaotembea

"SGR ikija, reli ya zamani ni vyuma chakavu." Si kweli. Wakati tunazungumzia reli mpya, ile ya zamani inakarabatiwa. Kipande cha Kampala hadi Mukono kimewekewa mataruma ya zege, na treni ya abiria ya Kampala kwenda Namanve ilisimama mwaka 2023 kupisha kazi hiyo ikarudi 2024. Njia ya Tororo kwenda Gulu nayo imepewa mkandarasi, kampuni ya Kichina ya China Road and Bridge Corporation, baada ya miaka mingi ya kulala vichakani. SGR ya sasa inaanzia Malaba na kuishia Kampala. Mzigo wa Gulu, kwa miaka kadhaa ijayo, utapanda geji ya mita.

"Waturuki watakuja na watu wao wote." Nusu kweli, na nusu hiyo ieleweke. Mkandarasi wa nje huja na wakuu wake wa vitengo na wenye ujuzi adimu: wa kuendesha mtambo wa kutandika njia, wa kufunga nyaya za juu, wa mfumo wa ishara. Lakini hawezi kuleta kutoka Istanbul wapimaji ardhi wote, mafundi wa maabara ya udongo, maofisa wa usalama kazini, madereva wa malori, wahasibu wa kambi na maofisa wa jamii wa kuzungumza na wanakijiji wa Iganga au Mayuge kuhusu makaburi na mihogo yao. Hizo ni kazi za wenyeji, na nyingi zinatangazwa na wakandarasi wadogo ambao majina yao hayatajwi redioni. Ukiona jina la kampuni ya Uganda kwenye ubao wa eneo la kazi, hilo ndilo jina la kulitafuta.

"Bila digrii ya reli huingii." Wahandisi wengi wa reli Afrika Mashariki waliingia na digrii za kawaida, wakafundishwa reli baadaye. Taasisi za kufundisha hivyo zipo karibu nasi: Nairobi kuna chuo cha reli kilichoanza zama za shirika la pamoja, Tanzania kuna chuo cha reli Tabora pamoja na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji Dar es Salaam, na Chuo Kikuu cha Addis Ababa kina kituo cha umahiri cha reli kwa Afrika kinachopokea wanafunzi wa shahada za juu kutoka nchi nyingine. Kozi fupi ya mojawapo, juu ya digrii yako ya umeme au ujenzi, inakuweka mbele ya kundi kubwa.

Na ule mkubwa kuliko wote: "Nikiajiriwa kwenye ujenzi, nimeshaingia SGR." Hapana. Umeingia kwa mkandarasi. Siku atakapokabidhi reli, mkataba wako umekwisha, na treni itaanza kutembea wewe ukiwa nyumbani, isipokuwa kama katikati ulijenga daraja la kuvukia upande wa uendeshaji.

Nani ataendesha?

Jibu la swali hili litaamua ajira za miaka thelathini, na nashangaa kwamba halina mjadala hata robo ya ule wa gharama. Jirani zetu wamelijibu kwa njia tofauti. Kenya ilipozindua treni zake mwaka 2017, ilizikabidhi kwa mwendeshaji Mchina, Afristar, kisha Shirika la Reli la Kenya likaanza kuchukua kazi awamu kwa awamu. Wakenya wengi waliingia kama wanafunzi wa kukaa kando ya dereva mgeni kwanza, na magazeti yao yaliandika sana kuhusu manung'uniko ya nani anapewa kiti cha mbele. Reli ya Ethiopia na Djibouti ilianza kazi ya kibiashara mwaka 2018 chini ya waendeshaji Wachina kwa miaka sita, na mwaka 2024 ikakabidhiwa kwa wenyewe. Tanzania ilichagua shirika lake, TRC, liendeshe lenyewe tangu treni za abiria zilipoanza kati ya Dar es Salaam na Morogoro, kisha Dodoma, mwaka 2024.

Kwetu mfano ulio karibu zaidi hauko kwenye reli, uko kwenye umeme. Bwawa la Isimba lilijengwa na wageni likazinduliwa mwaka 2019, lakini linaendeshwa na kampuni ya serikali ya kuzalisha umeme, kwa mikono ya Waganda. Machi 2023 kampuni hiyohiyo ikachukua mabwawa ya Nalubaale na Kiira, mkataba wa Eskom ya Afrika Kusini ulipofikia kikomo. Wahandisi vijana walioingia hapo walianza na zamu za usiku kwenye chumba cha mitambo, kazi ambayo wakati wa ujenzi hakuna aliyeipigia foleni. Tatizo la njia ya mwendeshaji wa nje, ile ya Kenya na Ethiopia, ni kwamba inafanya kazi vizuri ikiwa tu nchi imeandaa wanafunzi wa kutosha kumkalia kando tangu siku ya kwanza. Madereva, makontrola na mafundi wa ishara hawatengenezwi miezi mitatu kabla ya uzinduzi.

Mhitimu afanye nini basi

Hapa nasema la moyoni, na wapo watakaonipinga. Ningekuwa na mdogo wangu aliyemaliza chuo na anataka reli, ningemwambia aanze na reli ya zamani. Aombe mafunzo kwa vitendo URC, aende Nalukolongo, Tororo au stesheni yoyote atakayopangiwa. Pingamizi lao nalijua: URC haina fedha nyingi, nafasi ni chache, na mshahara wa mkandarasi wa kigeni unaweza kuwa mkubwa zaidi. Ni kweli yote. Lakini mtu aliyewahi kutembea na genge la mafundi wa njia, aliyesimama kwenye chumba cha uongozaji treni tatu zikigombea kipande kimoja, atajibu maswali ya usaili ambayo mwenye digrii nzuri zaidi hatayaelewa. Mwendeshaji yeyote wa SGR atatafuta kwanza watu wanaojua nidhamu ya reli, kwa sababu nidhamu hiyo ni ileile kwa geji zote mbili.

Kama umekwisha kupata kazi kwa mkandarasi, usiiache. Tumia muda wako kuomba uhamishiwe kitengo chenye maisha baada ya ujenzi. Kitengo cha ishara na mawasiliano kinashinda cha udongo. Kitengo cha majaribio na makabidhiano kinashinda vyote, maana ndicho kinachokaa meza moja na watakaoendesha. Weka daftari la kazi zako, tarehe, kipande cha njia, aliyekusimamia. Wahandisi mtalihitaji daftari hilo kwa Bodi ya Usajili wa Wahandisi: mhitimu wa uhandisi hawi mhandisi kamili kisheria mpaka amefanya kazi chini ya waliosajiliwa na kuthibitishwa. Wengi hulikumbuka baada ya miaka mitano, wasimamizi wao wakiwa wamerudi Uturuki au China.

Jipime pia mwili na tabia kabla ya kuomba uendeshaji. Macho yasiyotofautisha nyekundu na kijani hayapiti kwenye udereva wala ishara, na hilo halina wa kulaumiwa, ni afadhali ulijue mapema kwa kupimwa. Kazi ni za zamu, zikiwemo Krismasi na Idi. Pombe kazini inamaliza kazi siku hiyohiyo. Kiswahili nacho usikifiche kwenye barua yako ya maombi: treni inavuka Malaba, wenzako wa upande wa pili ni Wakenya, na meli ya Port Bell inatia nanga Mwanza.

Kuhusu wale wa shilingi elfu hamsini: taasisi ya umma haitozi ada ya kuomba kazi, na mkandarasi makini hachukui watu kupitia namba ya simu ya mkononi. Matangazo ya wizara na URC hutoka magazetini na kwenye tovuti zao. Ukiipata kazi, soma mkataba kabla ya kufurahi. Angalia jina la mwajiri lililoandikwa juu, kama ni kampuni kuu au mkandarasi mdogo, tarehe ya kwisha, nani anakulipa mvua ikisimamisha kazi. Kisha uliza kuhusu NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii: asilimia 5 inakatwa kwenye mshahara wako na asilimia 10 anaongeza mwajiri, na tangu sheria irekebishwe mwaka 2022 hakuna mwajiri anayeweza kujitetea kwamba kampuni yake ni ndogo mno. Baada ya mwezi wa pili, fungua taarifa yako ya NSSF kwenye simu uone kama fedha zimeingia.